Bukavu: Kidirisha kidogo cha simu kinachoamua pesa zako zinafika wapi

Andika namba, andika kiasi, bonyeza OK. Kwa wakaaji wengi wa Bukavu, malipo ya kila siku yanapitia kwenye kidirisha hicho kidogo kinachotokea katikati ya simu. Benki zilipofunga milango Februari 2025, wakati AFC/M23 ilipoingia mjini, simu ndiyo iliyobaki njia kuu ya kupokea mshahara, kulipa ada ya shule na kusaidia jamaa walioko mbali.

Pesa zinapopotea, lawama humwangukia mtumaji: "Uliandika vibaya." Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna kosa lingine lisilozungumzwa sana, nalo ni la programu iliyosoma vibaya kile ulichoandika vizuri.

Vidirisha vya aina mbili

Kidirisha cha kwanza ni kile kinachofunguka ukipiga *1122# ya M-Pesa au *501# ya Airtel Money. Hicho ni cha kampuni ya simu. Simu yako inabeba maandishi tu. Uamuzi unafanyika kwenye mashine za kampuni. Ndiyo maana kinafanya kazi hata kwenye simu ndogo ya vibonyezo, bila intaneti. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Kongo kupitia Vodacom mwaka 2012.

Cha pili kiko ndani ya programu za Android: daftari la duka, orodha ya ada ya shule, hesabu ya likelemba. Hicho kinatengenezwa na fundi aliyeandika programu, na siku hizi fundi huyo anaweza kuwa kijana wa Ibanda au Kadutu mwenye kompyuta moja tu. Yeye ndiye anayeamua maandishi yako yasomwe namna gani.

10.000 inapogeuka kuwa 10

Ukiandika 10.000, wewe unaona franka elfu kumi. Programu haioni pesa. Inaona alama sita zilizopangwa mstari, na lazima izigeuze kuwa hesabu. Katika Java na Kotlin, lugha zinazotumika sana kuandika programu za Android, nukta ni alama ya desimali. Fundi asipochukua tahadhari, elfu kumi inasomwa kumi. Na ukiandika 2,5 kwa koma, kama tulivyofundishwa shuleni kwa Kifaransa, programu isiyojiandaa inakwama na kujifunga yenyewe.

Ongeza hapo kwamba sisi tunatumia sarafu mbili. Kidirisha kinachouliza "kiasi" bila kuuliza kama ni dola au franka kinaweka mtego.

Namba za simu nazo zina mambo yake. Mtu mmoja anaanza na 0, mwingine na +243, wa tatu na 00243, na wengi wanaacha nafasi kati ya tarakimu. Programu nzuri haimkaripii mtu. Inaondoa nafasi, inaondoa mwanzo huo, inabaki na tarakimu 9, kisha inatazama mbili za kwanza: 81 na 82 ni Vodacom, 97 na 99 ni Airtel, 84 na 89 ni Orange. Zikipungua au zikizidi 9, inamwambia mtumaji kabla pesa hazijatoka.

Halafu kuna majina. Postnom zilienea tangu mwaka 1972, wakati wa siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye majina ya mababu, na leo Wakongo wengi wana jina, postnom na jina la ubatizo. Programu iliyoigwa kutoka nje inauliza mawili tu. Tena nyingine inakataa alama ya mkato wa juu, ilhali wamama wengi wa Kishi wana majina yanayoanza na M'. Jina likiandikwa nusu, halilingani tena na lile la kadi ya mchaguzi, na mwenye pesa anarudishwa bila kuzipata.

Makosa ambayo mafundi wanayarudia

La kwanza ni kusoma maandishi mapema. Fundi anayachukua wakati kidirisha kinafunguka, kabla mtu hajaandika neno, na kila mara anapata utupu. Yanapaswa kusomwa pale OK inapobonyezwa.

La pili ni kutafuta sehemu ya kuandikia kwenye ukurasa ulio nyuma, wakati iko ndani ya kidirisha. Programu haipati kitu, inaanguka.

La tatu ndilo linalochosha watumiaji: kwa kawaida, kitufe cha OK cha Android kinafunga kidirisha hata kama kilichoandikwa ni kosa. Dawa ipo. Fundi anakipa kitufe hicho kazi yake mpya baada ya kidirisha kuonekana, ili kifunge tu pale maandishi yanapokubalika.

La nne: simu ikigeuzwa upande, kidirisha kinatoweka na yaliyoandikwa ndani yake. Tangu Android 3.0 ya mwaka 2011 kuna DialogFragment, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuzuia hilo.

Na juu ya yote, kidirisha cha pili cha kuthibitisha: "Unatuma franka 10 000 kwa namba hii, kweli?" Ni mistari michache ya kuandika, lakini inaokoa mshahara wa mtu.

Nani mwingine anasoma?

Kila unachoandika kwenye kidirisha cha programu, mwenye programu anaweza kukisoma na kukihifadhi. Sheria ya Kongo kuhusu mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu inayolinda data binafsi. Lakini sheria haitakuwa kando yako unapobonyeza OK.

Kwa hiyo angalia kidirisha kinauliza nini. Programu ya duka, ya shule au ya likelemba haina sababu ya kukuomba namba ya siri ya M-Pesa au Airtel Money. Namba hiyo inaandikwa tu kwenye kidirisha cha kampuni yako ya simu, kwa malipo uliyoyaanzisha mwenyewe. Ukiombwa mahali pengine, funga programu. Na kabla ya kutuma pesa nyingi kupitia programu mpya, jaribu kwanza na franka chache, kisha uliza aliyepokea amepata ngapi.