Samaki wa tangini akiugua, tuanze kuyatazama maji

Ijumaa moja baada ya Swala ya Alasiri nilirejea nyumbani, hapa Kiwalani, nikamkuta binti yangu wa miaka saba amepiga magoti mbele ya tangi la kioo lililoko sebuleni. "Baba," akaniuliza bila kugeuka, "nani amewanyunyizia samaki chumvi?" Niliinama nikatazama. Kweli, mgongoni na kwenye mapezi ya samaki wawili palikuwa na chembe nyeupe zilizotawanyika mithili ya chumvi laini. Mmoja alikuwa akijikwaruza kwenye jiwe. Mwingine alitulia pembeni, mapezi ameyabana, na chakula hakutaka hata kukisogelea.

Nilidhani ni uchafu. Nikayamwaga maji yote, nikasugua kioo, nikaosha mchanga, mawe na sponji ya filta chini ya bomba mpaka vikang'aa, kisha nikalijaza tangi maji yaliyotoka bombani muda huo huo. Jioni hiyo tangi lilipendeza kuliko siku liliponunuliwa. Kufikia Jumapili, katika samaki wanane walibaki watatu. Binti yangu hakulia sana. Aliuliza tu: "Si ulikuwa unawasaidia?"

Swali hilo lilinikaa moyoni. Nilianza kusoma na kuwauliza wafugaji wenye uzoefu, na ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla ya Ijumaa ile. Sote tunakijua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie riziki. Samaki wa tangini amefungika zaidi kuliko paka yule. Maji yakiharibika hana pa kuhamia, na akiumwa hana sauti ya kulia. Kila kinachomfika kimepitia mikononi mwetu, nasi tutaulizwa juu ya amana hiyo.

Maradhi mengi huanzia majini

Samaki hupumua, hula na kujisaidia katika maji yale yale. Kutokana na kinyesi, mabaki ya chakula na pumzi yake, hutoka amonia, nayo ni sumu inayochoma matamvua. Ziwani au mtoni amonia hiyo huzimuliwa na wingi wa maji. Katika tangi la lita 60 haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki ni bakteria wenye manufaa, wasioonekana kwa macho, wanaokaa ndani ya sponji ya filta, mchangani na juu ya mawe. Kundi moja la bakteria hao hugeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa maadamu maji yanabadilishwa kila wiki.

Bakteria hao huhitaji takriban wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya. Ndiyo maana aghalabu samaki hufa katika mwezi wa kwanza, hasa pale familia inaponunua tangi na samaki kumi siku moja. Iliyo salama ni kuanza na samaki wawili au watatu, kuwalisha kidogo, kisha kuongeza polepole.

Hapo ndipo nilipoyaelewa makosa yangu. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yatulinde sisi na kipindupindu na maradhi mengine ya tumbo, na hilo ni jambo jema. Lakini klorini hiyo hiyo huunguza matamvua ya samaki na huua bakteria walioko kwenye sponji. Chembe nyeupe zilikuwa ugonjwa wa kweli, lakini hazikuwa na haraka ya kuua samaki watano ndani ya siku mbili. Waliuawa na usafi wangu.

Basi kanuni ni hizi. Maji ya bomba yatuamishwe katika ndoo iliyo wazi, yenye mdomo mpana, kwa saa 24, na pampu ya hewa ikipuliza ndani yake ni bora zaidi. Ibadilishwe robo tu ya maji kila wiki, wala si yote. Sponji ikamuliwe ndani ya beseni lenye maji yaliyotolewa tangini, isipelekwe bombani. Anayetumia maji ya kisima ajue kwamba hayana klorini, lakini visima vingi vya jiji letu vina chumvi, na vile vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo huweza kuwa na naitreti nyingi tangu mwanzo. Vipo vikaratasi vya kupimia maji, na bei yake ni nafuu kuliko kununua samaki upya.

Kumsoma samaki wakati wa kula

Wakati bora wa kumchunguza samaki ni anapolishwa. Mwenye afya hukimbilia chakula, mapezi yake huwa wazi, na matamvua yake hufunguka na kufunga bila pupa. Anayejitenga, anayebana mapezi au anayetema chakula, ameanza kuugua hata kama mwilini hana alama yoyote.

Wakionekana wote kwa pamoja wapo juu ya maji wakihema, tusiharakie dawa. Ugonjwa wa kuambukiza kwa kawaida huanza kwa mmoja au wawili, ilhali maji mabaya huwapata wote kwa mara moja. Huenda umeme ulikatika usiku na pampu ikasimama. Huenda ni joto la Januari au Februari, kwani maji yakipata joto hubeba hewa kidogo zaidi. Huenda pia amonia imepanda. Hapo badilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyotuamishwa, chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine tena kutoka juu ili yachanganyike na hewa, na usiwalishe kwa siku moja au mbili. Samaki mkubwa mwenye afya hadhuriki kwa kukosa chakula siku mbili, bali hudhurika kwa chakula kinachooza chini yake.

Madoa meupe na mzunguko wake

Zile chembe alizoziona binti yangu husababishwa na kimelea kidogo sana kinachojichimbia chini ya ngozi ya samaki. Kikishiba hudondoka, hujishikiza mchangani, na ndani ya kifuko chake hugawanyika kuwa mamia ya vimelea vichanga vinavyoogelea kutafuta samaki wengine. Dawa haikipati kikiwa chini ya ngozi wala kikiwa ndani ya kifuko. Hukipata katika kipindi kifupi tu cha kuogelea. Kwa sababu hiyo, madoa yakitoweka siku ya tatu si dalili ya kupona, kwani yamehamia mchangani. Anayeacha tiba hapo huwaona wamerudi kwa wingi baada ya siku chache.

Tiba iendelee siku 10 hadi 14. Dawa ya kwanza tunayo jikoni, nayo ni chumvi, hasa ile isiyochanganywa na viungo. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila lita tano huleta kiasi cha gramu moja kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 60 litahitaji vijiko 12. Iyeyushwe kwanza katika maji ya tangi, imiminwe kidogo kidogo kwa muda wa saa kadhaa, na siku inayofuata iongezwe kiasi hicho hicho. Chumvi haipotei na mvuke. Ukifidia maji yaliyopungua kwa mvuke, usiongeze chumvi. Ukibadilisha maji, ongeza kwa kadiri ya yale uliyoyatoa tu. Samaki wasio na magamba, wa jamii ya kambare, huistahimili kwa shida, na mimea mingi ya majini huiathirika.

Joto nalo huharakisha mzunguko wa kimelea hicho, na hapa kwetu maji ya tangini aghalabu huwa ya joto la kutosha bila hita. La muhimu ni pampu ya hewa isizimwe. Ikihitajika dawa ya dukani, fuata kipimo kilichoandikwa na utoe mkaa uliomo kwenye filta, kwa kuwa mkaa hunyonya dawa. Ile ya rangi ya bluu, methilini, itumike katika chombo cha pembeni kwa sababu huua bakteria wa filta.

Maradhi mengine tunayoyaona

Kingo za mkia na mapezi zikionekana kama zimetafunwa, huku zikiwa na weupe au wekundu, huo ni uozo wa mapezi. Huletwa na bakteria wanaoshambulia samaki aliyedhoofishwa na maji machafu au kung'atwa na wenzake. Ukianza mapema, kubadilisha maji kidogo kila siku kwa wiki moja mara nyingi hutosha, na pezi huota tena.

Nyuzi mfano wa pamba mwilini mara nyingi ni fangasi, ambao hufuata jeraha. Mtenge mgonjwa katika ndoo safi yenye maji ya tangi, pampu ya hewa na chumvi.

Tumbo likivimba na magamba yakasimama kama ganda la nanasi, tujue figo au viungo vingine vya ndani vimeharibika. Wachache hupona. Mtenge, umpunguzie tabu, na usimtupe mtaroni akiwa hai.

Anayeelea ubavu baada ya kula mara nyingi amevimbiwa. Mfungishe siku mbili, kisha umpe kipande kidogo cha njegere iliyochemshwa na kumenywa.

Neno moja la tahadhari: wapo wanaofungua vidonge vya antibaiotiki vya binadamu na kuvimimina tangini. Huua bakteria wa filta, na amonia hupanda. Pia huzoeza vijidudu kuishinda dawa ambayo kesho itahitajika kwa mtoto wa mtu. Ushauri uombwe kwa daktari wa mifugo au afisa uvuvi wa halmashauri.

Kumjua mgeni kabla ya kumkaribisha

Si samaki wote wanaotaka maji ya aina moja. Nchi yetu ni chimbuko la baadhi ya samaki wa mapambo wanaosifika duniani. Kutoka Kigoma husafirishwa samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, na wengine hutoka Ziwa Nyasa. Maji ya maziwa hayo yana asili ya magadi, hivyo mawe ya matumbawe ambayo wengi hupenda kuyaweka tangini huwafaa. Matumbawe hayo hayo huwatesa samaki wadogo wenye asili ya mto Amazon, waliozoea maji laini yenye uchachu kidogo. Zaidi ya hapo, amonia huwa kali zaidi katika maji yenye magadi, kwa hiyo mwenye samaki wa Tanganyika lazima awe mwangalifu maradufu. Wapo pia samaki wadogo wa madimbwi ya msimu ya pwani na Unguja, ambao kwa maumbile yao umri wao ni mwaka mmoja au pungufu. Huyo akidhoofika, pengine si mgonjwa bali ni mzee.

Samaki mpya akae katika chombo cha pembeni wiki mbili hadi nne kabla ya kuchanganywa na wenzake, kwani maradhi mengi huingia nyumbani ndani ya mfuko wa dukani. Vilevile, aliyechoka kufuga asiwamwage samaki wake Msimbazi au kwenye mtaro wowote. Atakuwa amepeleka maradhi na viumbe wageni mahali pasipo pao.

Usalama wa watoto wetu

Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kugusa maji ya tangi. Mwenye kidonda mkononi asiingize mkono bila kuvaa glavu, maana iko aina ya bakteria jamaa ya wale wa kifua kikuu inayotoka kwa samaki na kuleta vinundu sugu kwenye ngozi ya mtu. Tusinyonye kwa mdomo mpira wa kutolea maji. Maji ya tangi ni mbolea nzuri ya maua, lakini yenye dawa yasimwagiliwe mchicha. Samaki aliyekufa azikwe, wala asipewe paka.

Wale watatu waliobaki walipona baada ya wiki mbili za chumvi na subira. Leo kuna ndoo ya maji yaliyotuama nyuma ya mlango wa jikoni kwetu, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti yangu hulisha kidogo, huwahesabu, kisha hunieleza nani amekula na nani amejitenga. Juzi aliniambia mmoja amebana mapezi. Tulipima maji kwanza, na kweli amonia ilikuwa imepanda.