Mashine ya kutotolesha vifaranga: Faida iko kwenye joto lisiloyumba

WAFUGAJI wengi wa kuku wanaponunua mashine ndogo ya kutotolesha vifaranga nyumbani huamini kuwa kazi iliyobaki ni ya umeme. Siku ya 21 ikifika na vifaranga wakatoka wachache, lawama humwendea aliyeuza mayai. Wakati mwingine, hata hivyo, kosa ni la mkono wa mfugaji mwenyewe.

Ndani ya mashine kuna themostati, kifaa kinachowasha na kuzima hita ili joto libaki kwenye kiwango kilichopangwa. Kwa mayai ya kuku, mashine yenye feni hupangwa nyuzijoto 37.5 hadi 37.7 za Selsiasi. Isiyo na feni huhitaji zaidi kidogo, takribani 38.5, ikipimwa usawa wa juu ya mayai.

Tatizo huanza saa za mwanzo. Mayai yakiingizwa, joto la mashine hushuka. Mfugaji huingiwa na hofu na kuongeza joto. Baada ya saa kadhaa mayai yameshapata moto, na mashine inapita kiwango. Hapo hupunguza, nalo linashuka mno. Joto dogo huchelewesha vifaranga, lakini likizidi nyuzi 40 kwa saa chache tu linaweza kuwaua wakiwa ndani ya yai.

Dawa yake ni subira. Mashine iwashwe saa 24 kabla, ikiwa tupu, mbali na jua, dirisha na mlango. Kitufe kizungushwe kidogo kidogo, na matokeo yasubiriwe kabla ya kukigusa tena. Kipimajoto cha pili kitumike kuhakiki. Mayai yaachwe kwanza yafikie joto la chumba, na yakishaingia, mashine ipewe muda irudi yenyewe kwenye kiwango. Umeme ukikatika, isifunguliwe. Ifunikwe kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa.

Hesabu ni rahisi. Tuseme mayai 100 yenye mbegu yamenunuliwa kwa Sh500 kila moja, yaani Sh50,000. Wakitoka vifaranga 80, kila kimoja kimegharimu Sh625 za yai. Wakitoka 40, gharama hiyo inafika Sh1,250, kabla ya kuhesabu umeme na wiki tatu zilizopotea. Mfugaji anayeiacha themostati ifanye kazi yake anaokoa fedha hiyo bila kutumia hata senti.