Upatu na Maana Zake

Miongoni mwa ala za ngoma za watu wa pwani, upatu ni sahani ya shaba iliyo duara, ambayo mpigaji huigonga kwa vijiti ikatoa mlio mkali wa kupenya, ukapasua mvumo wa ngoma za ngozi na sauti ya zumari, hata aliye mbali na uwanja akatambua kwamba huko kuna shughuli.

Kwa sifa hiyo ya kusikika mbali, yafaa mno kusema kwamba fulani anapigiwa upatu, muradi anasifiwa hadharani na kutafutiwa wafuasi, kama wafanyavyo wapambe wa wagombea nyakati za uchaguzi.

Ama maana iliyoenea zaidi majumbani ni ile ya mchezo wa fedha, ambao Wakenya huuita chama na Wakongo likelemba. Tuseme wanawake 10 wa mtaa mmoja wanatoa shilingi 20,000 kila mwezi mkononi mwa kijumbe wao. Zile 200,000 hupewa mmoja wao kwa zamu, huyu akanunua cherehani, yule akalipa karo, mpaka duru itimie. Hapana riba wala faida: kila mmoja hupokea kadiri ile ile aliyotoa, ila huipata kwa mkupuo. Wa kwanza amekopeshwa na wenziwe, wa mwisho amejiwekea akiba, na aghalabu dhamana yao wote ni uaminifu na kujuana tu.

Kwa bahati mbaya, jina hilo la heshima limetwishwa pia biashara ya ulaghai. Mwaka 2009 Serikali ya Tanzania ilisimamisha shughuli za taasisi ya DECI, ambako watu walikuwa "wakipanda mbegu" za fedha kwa ahadi ya kuvuna maradufu. Katika biashara ya namna hiyo hakuna kinachozalishwa. Mavuno ya waliotangulia ni mifuko ya waliofuata, na siku wageni wakikoma kuingia, mamia kwa maelfu hubaki mikono mitupu.

Basi, msomaji, kabla hujatoa fedha yako, uliza: wenzangu ni akina nani, zamu yangu ni lini, na hiyo ziada inatoka wapi? Upatu wa haki hauna ziada. Unaoahidi ziada jiepushe nao, hata ukisifiwa na nani.