Tununue Sufuria Ipi?



Kila mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka, wenzetu wa mashamba ya chai ya Pfunda na wa kiwanda cha bia cha Nyamyumba hupita sokoni Gisenyi kabla ya kurudi nyumbani. Wengi hutoka na sufuria mpya. Baada ya mwaka tunawakuta tena pale pale, wakichagua nyingine. Hatuwacheki, maana hata sisi wa Nengo tumefanya hivyo. Tulinunua seti ya sufuria sita, nyepesi, zinazong'aa kama kioo. Kabla ya miaka miwili zilibaki mbili, na moja kati ya hizo ilikwisha toboka, ikawa chombo cha kulishia kuku. Fedha ya zile sita ingetosha kununua mbili za kuzeeka nazo.

Yafaa kuanza na kazi yenyewe. Kazi kubwa ya sufuria majumbani mwetu ni maharage. Gisenyi iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huu maji huchemka yakifika digrii 95 hivi, si 100. Kuongeza makaa hakusaidii kitu: maji yakishachemka hayazidi joto, yanakauka tu. Ndiyo sababu maharage hukaa jikoni saa mbili au tatu, na sufuria nyembamba huunguza ya chini wakati ya juu bado magumu. Hivyo basi, sufuria ya maharage iwe na kitako kinene na mfuniko unaokaa sawasawa.

Iliyo bora kwa kazi hiyo ni sufuria ya presha. Hufungia mvuke ndani, joto likapita digrii 110, na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva chini ya saa moja. Bei yake ni kubwa, tunakiri, lakini hurudi kidogo kidogo katika makaa. Kabla ya kulipa, muulize mwenye duka kama anauza mpira wa mfuniko peke yake. Mpira huchakaa sufuria ikiwa bado nzima, na pasipo mpira mwingine umenunua chuma cha kuweka kabatini.

Sasa tuje kwenye mtego. Wengi tumefundishwa kwamba sufuria nzito ndiyo imara, na ni kweli. Lakini sufuria nzito za bei nafuu katika masoko yetu ya Afrika Mashariki mara nyingi ni alumini ya vyuma chakavu: vipande vya injini, makopo, vyombo vya umeme vilivyokufa, vyote vikayeyushwa pamoja na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Karibu theluthi moja vilitoa risasi ya kiasi cha kuhatarisha mlaji. Risasi haionekani kwa macho wala haina ladha. Huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

Je, aliye nayo tayari aitupe? Si rahisi kumwambia hivyo mtu wa mshahara wetu. Aigeuze ya kuchemshia maji ya kuoga na kufulia. Ikiwa hana nyingine, asipikie humo nyanya wala kitu chenye ndimu, asilaze chakula ndani, na asiisugue kwa mchanga mpaka ing'ae, kwani ule weusi wa ndani unasaidia kuzuia madini yasiingie katika chakula.

Kwa anayenunua leo, chuma kisichoshika kutu chenye kitako cha tabaka mbili au tatu ndicho tunachokiamini. Iweke sufuria juu ya meza: ikiyumba, iache. Bonyeza kitako kwa kidole gumba; kikibonyea, iache. Vishikio viwe vimefungwa kwa ribiti, visiwe vya plastiki, maana jiko la makaa halina huruma na plastiki.

Chungu cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa nacho ni kizuri, na maharage yake ni matamu kuliko yote. Ila matetemeko ya Mei 2021, baada ya Nyiragongo kulipuka, yalipasua hata kuta za nyumba hapa Rubavu, seuze vyungu.

Fedha itoke wapi? Kimina, ambacho ndugu zetu wa Goma hukiita likelemba. Sisi tumekubaliana kumi, kila mwezi mmoja anapokea, na anayepokea hununua chombo kimoja tu. Tulianza na sufuria ya presha ya lita saba na mpira wa akiba. Zamu ijayo ni kikaango cha chuma.