Programu Iliyosoma Umaskini Kama Afya

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Ziad Obermeyer na wenzake kuhusu programu ya kompyuta iliyotumika sana hospitalini nchini Marekani. Lengo lake lilikuwa jema: kuwatambua wagonjwa wenye mahitaji makubwa ili wapewe huduma ya ziada mapema. Rangi ya mtu haikuingizwa katika hesabu. Hata hivyo, ilibainika kwamba Mmarekani mweusi alipaswa kuugua zaidi kuliko mweupe ndipo apate alama ile ile.

Wengi hudhani kwamba mashine ilifundishwa ubaguzi kwa makusudi. Sivyo. Programu haikupima ugonjwa, bali ilikadiria gharama ya matibabu, kwa kuwa waundaji wake waliona kwamba anayeugua sana hutumia fedha nyingi. Lakini asiye na nauli ya kufika kliniki, asiyepewa ruhusa kazini, au asiyewaamini tena madaktari kwa jinsi alivyotendewa, hutumia kidogo hata akiwa taabani. Umaskini wake ukasomeka kama afya. Watafiti walikadiria kwamba dosari hiyo ikiondolewa, idadi ya weusi miongoni mwa waliostahili huduma hiyo ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Tofauti hiyo si ya tarakimu tu. Ni ya watu waliokosa huduma hiyo.

Baba Mtakatifu Fransisko aligusa jambo hilo tarehe 14 Juni 2024, alipowahutubia viongozi wa G7 huko Puglia, Italia. Alitaja programu zinazowasaidia mahakimu kuamua kama mfungwa apewe kifungo cha nyumbani, zikizingatia hata asili ya kabila lake na kiwango cha elimu yake. Alikumbusha kwamba mwanadamu hubadilika na anaweza kutushangaza kwa matendo yake, jambo ambalo mashine haiwezi kulizingatia. (Hakukataa teknolojia; alitaka uamuzi ubaki mikononi mwa binadamu.)

Hapa Kenya wanaparokia wengi hukutana na maamuzi ya namna hiyo wanapoomba mkopo kwa simu: jibu huja kwa sekunde chache, bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu aliyeathiriwa pakubwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake haki ya kuomba ufikiriwe upya. Ombi hilo lipelekwe kwa maandishi, na nakala itunzwe.