Hamira ikichoka, mtaji wa maandazi hupotea

MAMA lishe anayekanda kilo 10 za unga wa ngano ili maandazi yawe tayari alfajiri huhitaji kiasi cha gramu 100 tu za hamira kavu. Katika hesabu ya gharama zake, hamira ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa. Hata hivyo, siku unga usipoumuka, hasara haiishii kwenye hamira. Hupotea unga, sukari, mkaa na wateja wa asubuhi, ambao huhamia kwa jirani.

Wengi hulaumu unga au baridi ya usiku. Mara nyingi tatizo limo ndani ya pakiti ya hamira yenyewe.

Hamira ni viumbe hai, aina ya kuvu wadogo wasioonekana kwa macho. Gramu moja ya hamira kavu ina seli zaidi ya bilioni 10 zilizolala kwa kukaushwa. Zikipata maji ya uvuguvugu na unga huamka, hula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksaidi, ambayo ndiyo huumua unga.

Kiwanda ndani ya seli

Kila seli ya hamira ni kiwanda. Mwaka 1996 wanasayansi walikamilisha kusoma jeni zake zote, zipatazo 6,000. Nyingi kati ya hizo ni maelekezo ya kutengeneza protini. Protini ndizo vibarua wa kiwanda: nyingine huvunja sukari, nyingine hutengeneza mafuta yanayojenga utando, yaani ngozi ya seli.

Kazi hiyo haikosi makosa. Protini huundwa kwa kuunganisha vipande viitwavyo asidi amino, na kosa moja hutokea katika kila vipande 1,000 hadi 10,000 hivi. Seli yenye afya huzivunja protini mbovu na kutumia tena vipande vyake. Shida huja zinapozidi uwezo wake, kwa mfano joto kali linapozifanya zijikunje vibaya.

Mwaka 1993 Peter Walter na Kazutoshi Mori, kila mmoja na wenzake, walieleza protini ya hamira iitwayo Ire1, ambayo hufanya kazi kama king'ora. Protini zilizojikunja vibaya zikirundikana, Ire1 huamsha jeni za ukarabati. Wawili hao walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2014 kwa kazi hiyo.

Tafiti zilizofuata zilionyesha kuwa king'ora hicho huiamuru pia seli kutengeneza mafuta zaidi, ili kupanua utando wa chumba cha kukunjia protini. Ni kama mwenye ghala aliyeletewa magunia mengi mabovu, akalazimika kujenga banda jingine la kuyachambulia. Vilevile mafuta ya utando yakivurugika, king'ora hulia hata kama protini ni nzima. Hivyo protini na mafuta hutegemeana, na ukarabati wa kimoja huigharimu seli nzima.

Dukani na jikoni

Seli iliyo hai na yenye maji huweza kujikarabati. Iliyokaushwa haiwezi, kwa kuwa kazi zake zimesimama. Pakiti inayoanikwa juani kwenye meza ya genge, au kuwekwa karibu na bati la paa, hukusanya madhara siku hadi siku. Ikija kuloweshwa, seli nyingi huwa zimekufa, na zilizobaki zina kazi ya kujitibu kwanza.

Kwa hiyo mnunuzi aangalie tarehe ya mwisho ya matumizi. Pakiti iliyoondolewa hewa kiwandani iwe ngumu kama tofali. Ikilegea, hewa imeingia. Anayenunua kwa kupimiwa kijiko aulize pakiti ilifunguliwa lini. Ikishafunguliwa, hamira iwekwe kwenye kopo kavu lenye mfuniko, ndani ya friji au mahali pa baridi. Asiye na friji anunue vipakiti vidogo.

Hamira ya kuloweka kwanza hutaka maji ya uvuguvugu ya nyuzi joto 38 hadi 43. Maji baridi sana huufanya utando uvuje, na maji yanayofikia nyuzi 60 huua seli. Chumvi nayo isimwagwe moja kwa moja juu ya hamira.

Kipimo kilicho rahisi ni kukoroga kijiko kidogo cha hamira na kijiko cha sukari katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, kisha kusubiri dakika 10. Povu likipanda vizuri, hamira ni nzima na maji hayo yatumike kukandia. Lisipopanda, kilichopotea ni kijiko kimoja cha hamira, na kilo 10 za unga bado zimo kwenye mfuko.