Taa za Gari ni Amana: Tuchague Balbu kwa Elimu

Aendeshaye gari usiku wa Ramadhani, wakati watu wanarejea majumbani baada ya sala ya tarawehe, anaijua hofu hii. Mbele yake linakuja gari lenye taa kali, nyeupe iliyochanganyika na buluu. Macho yanakaza, maji yanalenga, na barabara yote inatoweka. Na pembezoni mwa barabara hiyo hiyo wanatembea akina mama na mabinti waliovaa mabuibui meusi, wamewashika watoto mikono.

Gari liendalo mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde. Dereva aliyepofuliwa na mwanga kwa sekunde mbili tu amekwenda zaidi ya mita 40 bila kujua nani yuko mbele yake. Vazi jeusi halirudishi mwanga, basi hata dereva mwangalifu humwona aliyelivaa kwa kuchelewa. Ndiyo maana suala la taa si la mafundi peke yao. Ni suala la familia nzima, ya mwenye gari na ya mwenda kwa miguu.

Aghalabu udhia huu hauanzii barabarani. Huanzia dukani, pale balbu ya zamani inapoungua na mwenye gari akasema, "Nipe ile kali kuliko zote." Ombi hilo ndilo kosa. Balbu njema ni ile inayoupeleka mwanga unapohitajika na kuuzuia unapodhuru.

Tutazame balbu ya halojeni iitwayo H4, ambayo hutumika katika magari mengi madogo ya Kijapani. Ndani yake mna nyuzi mbili: mmoja wa wati 60 kwa taa ya mbali, na mwingine wa wati 55 kwa taa ya karibu. Chini ya uzi wa taa ya karibu pamewekwa kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usipande juu na kuingia machoni mwa anayekuja. Katika balbu duni, uzi huo ukikaa kando kidogo tu ya mahali pake, mwanga hutawanyika ovyo. Balbu inawaka, mwenye gari ameridhika, kumbe anawaumiza wenzake.

Basi unapokwenda kununua, zingatia mambo haya. Kwanza, jua aina ya balbu ya gari lako. Imeandikwa katika kitabu cha gari na kwenye kitako cha balbu yenyewe: H4, H7, H11 na kadhalika. Usikubali kuambiwa kuwa hii nayo itaingia tu.

Pili, usizidishe wati. Zipo H4 za wati 100 kwa 90. Hizo hutoa joto jingi, huyeyusha soketi, huunguza nyaya na kuharibu bakuli linalorudisha mwanga. Gharama yake huja baadaye, na huenda ikawa moto.

Tatu, usihadaike na rangi. Kioo kilichopakwa buluu hupunguza mwanga unaotoka, ingawa machoni huonekana wa kisasa. Wakati wa mvua, mwanga wa buluu huchosha macho zaidi kuliko ule wa halojeni wenye umanjano kidogo.

Nne, tahadhari na balbu za LED zinazotiwa katika taa iliyoundwa kwa halojeni. Bakuli la taa limepimwa kwa uzi uliokaa mahali maalumu, na chanzo cha mwanga kikibadilika umbo, mara nyingi mwanga hutoka nje ya njia yake. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED ni jambo jingine.

Tano, tafuta alama. Balbu iliyoidhinishwa kwa kanuni za kimataifa huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini, kwa mfano 1 kwa Ujerumani na 4 kwa Uholanzi. Alama nazo hughushiwa, kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayejulikana na udai risiti. Mwenye duka naye akumbuke kuwa faida ya bidhaa ya kughushi haina baraka.

Dada unayeendesha gari lako mwenyewe, usimwachie fundi kila jambo. Simama umwangalie. Balbu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kwa kuwa iliyobaki imeshachakaa na mwanga wake hautalingana na wa mpya. Kioo cha halojeni hakishikwi kwa vidole vitupu: mafuta ya mkono, sembuse ya nazi, hubaki kwenye kioo, na balbu ikipata moto sehemu hiyo huharibika. Ikiguswa kwa bahati mbaya, ifutwe kwa kitambaa safi chenye spiriti. Akague pia soketi, kwani hewa ya chumvi ya huku kwetu pwani hutia kutu. Na kama kioo cha nje kimefifia kuwa cha manjano kwa jua, balbu mpya haitafaa mpaka kisafishwe.

Mwisho, taa zipimwe. Simamisha gari mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, uwashe taa za karibu. Kwa magari mengi madogo, mpaka wa juu wa mwanga huwa takriban sentimita 10 chini ya kimo cha taa, ukipanda kidogo upande wa kushoto kunakopita waenda kwa miguu. Ukiwa juu zaidi ya kimo cha taa, unawapofua watu.

Dini yetu imetufunza kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Wengi hufahamu kuwa udhia ni jiwe au mwiba. Lakini taa inayompofua dereva mwenzako usiku wa giza ni udhia mkubwa kuliko mwiba, na kuuondoa ni kwa balbu iliyo sahihi na dakika chache za kupima mbele ya ukuta. Kabla ya safari yenu ijayo ya usiku, fanyeni hivyo.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu na waendao kwa miguu. Amin.